Waya wa Plagi Mbili

“Bana hapo, usiachie,” Mizban alimwambia mkewe, na Ibtihal akaibana ncha ya waya kwa vidole vyenye unga.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na kuta zilikuwa zimeshaanza kutoa jasho. Sharji, ule upepo wa joto na unyevu unaotoka Ghuba, ulikuwa umeilalia Basra kwa siku ya nne, na humo ndani hakukuwa na kitu kikavu: si shuka, si chumvi, si njiti za kiberiti. Mizban alimenya ganda la waya kwa meno kwa sababu koleo lake lilikuwa kwenye gari la kazini. Akasokota nyuzi za shaba, akazifunga kwenye plagi, akakaza skrubu kwa ncha ya kisu cha mezani. Upande wa pili wa waya ulikuwa na plagi yake tayari. Plagi mbili, dume kwa dume. Moja ilikuwa ya kuchomeka kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, ili umeme uingie nyumbani kwa mlango wa uani.

Mafundi wa laini wana jina lao kwa waya wa namna hiyo. Wanauita waya wa Fatiha, kwa kuwa mtu akiutumia vibaya wakati fundi yuko juu ya nguzo, siku ya pili watu hukusanyika kumsomea. Mizban alikuwa fundi wa laini mwaka wa tisa huo. Nyaya kama hizo alishazikata katika nyumba za watu, na wenye nyumba alishawatukana mpaka wakakosa pa kuweka nyuso zao.

“Mwana wa Nashmiya,” mama yake aliita kutoka chumbani, sauti ikikatikakatika kwa sababu ya mpira wa oksijeni puani. “Lile boksi juu ya friji ni pambo la harusi?”

“Si pambo, mama. Linasubiri karatasi.”

“Litaota mizizi.”

Ndani ya boksi mlikuwa na chenjova mpya kabisa, haijatolewa hata nailoni. Ni swichi nzito yenye mkono mmoja. Ukiusukuma juu, nyumba inakula umeme wa serikali, ambao watu wote huuita Taifa. Ukiushusha chini, nyumba inakula jenereta. Hivyo viwili haviwezi kukutana hata mlevi akiushika mkono huo. Mizban aliinunua wiki tatu zilizopita, siku aliyoletewa jenereta ndogo na shemeji yake. Mwenye jenereta kubwa ya mtaa alikuwa ameshamkatia Mizban laini mwanzoni mwa mwezi kwa ada isiyolipwa, kwa adabu kabisa, akaomba radhi, akaukunja waya na kuondoka nao.

Tatizo lilikuwa sili. Mwaka jana, katika kampeni ya wizi wa umeme, ofisi ilizifungia bodi za mtaa mzima ndani ya visanduku vya chuma vya ukutani, ikatia sili za risasi, ikaacha mkono wa meni tu, swichi kuu ya nyumba, ukichungulia kwenye tundu. Kufunga chenjova ilikuwa lazima kisanduku kifunguliwe. Raia akivunja sili anatozwa faini. Mfanyakazi wa umeme akiivunja hana kazi jioni ya siku hiyo.

Ekstensheni walishaijaribu. Ilivumilia mashine ya oksijeni na feni kwa siku tatu, ya nne ikayeyuka na kutoa moshi chini ya kitanda cha mgonjwa. Na feni pekee haikutosha. Joto likipita kiasi, mashine yenyewe ilipiga kelele na kujizima, kwa hiyo ilihitaji kipoza hewa chumbani, na kipoza hewa kilifungwa ndani ya ukuta na mwenye nyumba, nyaya zake zikienda moja kwa moja kwenye bodi iliyotiwa sili. Ndiyo maana fundi wa laini alikuwa amepiga magoti sakafuni akitengeneza waya wa Fatiha kwa mikono yake. Lisilo budi hutendwa, alijiambia, na hata yeye hakuyaamini maneno hayo.

“Nisikilize vizuri, Umm Jinan,” alisema akiinuka, akimwita kwa jina la binti yao. “Kwanza meni chini. Halafu plagi ya ukutani. Halafu ya jenereta. Ukigeuza mpangilio, haya meno ya plagi yatakuwa na moto mkononi mwako.”

“Meni, ukuta, jenereta.”

“Meni isipokuwa chini, umeme wetu unatoka nje, unapanda nguzo. Kuna watu kule.”

“Nimekuelewa. Mimi si mtoto.” Ibtihal alijifuta jasho kwa kiwiko. “Sasa niambie wewe. Meni ikiwa chini, nitajuaje Taifa limerudi?”

Mizban aliutazama waya. Swali lilikuwa zuri kuliko alivyopenda. Taifa lilikuja lilipotaka, likakaa saa moja leo, saa tatu kesho, na katika saa hiyo mtu alijaza tangi la maji, akafua, akagandisha barafu, akawasha kila kitu. Kulikosa Taifa lilipokuja ilikuwa dhambi ambayo hakuna nyumba Basra iliyomsamehe mtu. Na jenereta ilikuwa inakunywa petroli ambayo hawakuwa nayo.

“Sikiliza majirani,” alisema mwishowe. “Wakipiga kelele Taifa limekuja, zima jenereta, chomoa, ndipo uinue meni.”

“Majirani.”

“Ni siku moja mbili tu, mpaka nipate ruhusa.”

“Wiki tatu unasema siku moja mbili,” Ibtihal alisema, lakini aliuchukua waya.

Walijaribu pamoja. Meni chini, ukuta, jenereta. Kipoza hewa kikakohoa, kikatema vumbi, kikaanza kuvuta. Bi Nashmiya akafumba macho, upepo ukimpiga usoni, na kusema Mungu awape mafundi wa Iraq pepo ya mbele kabisa, iliyo karibu na mto. Mizban alicheka kidogo, akambusu kichwani, akatoka bila kumaliza chai. Hakumwambia kwamba waya wa namna hiyo alikuwa ameshaapa mbele ya watu hautaingia nyumbani kwake.

*

Ofisini alifika mapema ili ampate Ustadhi Labib kabla ya msongamano. Ustadhi Labib alikuwa ndiye mwenye faili za ruhusa. Chumba chake kilikuwa na baridi ya kuvaa fulana mbili, na mezani palikuwa na rundo la maganda ya mbegu za maboga alizokuwa akizitafuna tangu asubuhi.

“Abu Jinan! Karibu, karibu. Mama hajambo?”

“Anapumua, ustadhi. Ndiyo nimekuja.”

“Mungu ampe afya.” Alifungua faili, akalamba kidole, akageuza karatasi. “Tumefika mbali. Sahihi nne kati ya sita. Imebaki ya mwenye nyumba na ya hesabu.”

“Mwenye nyumba yuko Najaf. Ana miaka themanini na mbili. Ameandika barua, hiyo hapo, na kidole gumba ameweka.”

“Barua nimeiona. Lazima afike mwenyewe.”

“Haamki kitandani, ustadhi.”

“Basi mwanawe aje na uwakilishi wa mahakama.” Alipasua mbegu nyingine. “Na hesabu wanasema nyumba ina deni la mpangaji aliyetangulia.”

“Aliyehama mimi sijaoa?”

“Deni halioi wala haliachi,” Ustadhi Labib alisema, akafurahishwa na maneno yake mwenyewe.

Mizban alisimama pale akiangalia kiyoyozi cha ofisi. Alikuwa amepigwa kalenda katika chumba hiki mara sita. Ya kwanza faili halikuwapo, ya pili mkubwa alikuwa msibani, ya tatu mhuri ulikauka wino. Alihisi miguu yake ikitaka kwenda bila yeye.

“Ustadhi, mimi ndiye ninayefunga hizo sili. Nitumie mimi. Nifungue, nifunge chenjova, nitie sili mpya, hapo hapo, Abu Muntadhar, mkuu wa kikosi changu, akishuhudia. Dakika arobaini.”

“Ndiyo maana haiwezekani. Wewe ni mtu wetu. Wakisema tunapendeleana?”

“Na kama mtu ataunganisha vibaya kwa sababu hamjampa ruhusa?”

Ustadhi Labib aliinua macho kwa mara ya kwanza. “Nani aunganishe vibaya? Kuna mtu anaunganisha vibaya?”

“Nauliza tu.”

“Usiulize maswali ya kukuletea mashaka, Abu Jinan. Rudi Jumapili.”

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye baridi ndiye kabisa. Mizban alitoka. Kwenye ubao wa korido palikuwa na tangazo lile lile kwamba malipo ya wafanyakazi wa mkataba yatatolewa “yatakapowasili,” na mtu alikuwa ameandika kwa kalamu chini yake, “Yanakuja kwa miguu.” Huo ulikuwa mwezi wa tatu Mizban hajalipwa.

*

Kabla ya adhuhuri Abu Muntadhar, mkuu wa kikosi chao, alipokea simu. Lori la maji matamu lilikuwa limenasa nyaya zilizolegea huko Kut Sawad na kuzikata kati ya nguzo ya tano na ya sita.

Kut Sawad ulikuwa mtaa wa Mizban. Nguzo ya sita ilikuwa imesimama kwenye kona ya njia inayokwenda nyumbani kwake.

Garini hakusema neno. Ghali, mwenzake wa miaka yote tisa, alikuwa amebanwa katikati yake na dereva, akisimulia jinsi mkwewe alivyonunua mbuzi akauziwa kichaa, na Abu Muntadhar, aliyekaa nyuma na ngazi, alikuwa akicheka na kugonga bati. Mizban alihesabu nguzo. Nyaya zikikatika baada ya ya tano, upande wa kwake unabaki kipande kifupi cha mkiani chenye nyumba tatu tu. Nyumba mbili zilikuwa na chenjova za zamani na saa hizi zilikula jenereta ya mtaa. Kwa hiyo kile kipande kilikuwa mfu, na kilichoweza kukifufua kilikuwa uani kwake.

Walipofika, lori lilikuwa limeshakimbia na njia ilikuwa imelowa. Abu Muntadhar alichomoa fyuzi za transfoma kwa fimbo ndefu, moja, mbili, tatu, akazilaza kwenye kitambaa.

“Mnyororo wa kuifungia laini?” Mizban aliuliza. Ndio ule unaozibana nyaya zote pamoja na kuzishusha ardhini, umeme ukija kwa bahati mbaya uende zake chini na usipite mwilini mwa mtu.

“Umeulizia mnyororo?” Abu Muntadhar alishangaa. “Uko na kikosi cha pili tangu Jumatatu. Ofisi nzima ina mmoja, nao una ndoa ya mitala.”

“Tuusubiri.”

“Tuusubiri mpaka lini, mwanangu? Nyuzi arobaini na tisa hizi. Leo una nini?”

Mizban alirudi nyuma ya gari na kupiga simu, mgongo ukiwa umewaelekea.

“Meni iko chini?” alinong'ona.

“Iko chini,” Ibtihal alijibu. “Mara ngapi utaniuliza? Mbona unaongea kama mwizi?”

“Iko chini kweli?”

“Wallahi iko chini. Mama anakunywa uji. Petroli imeshuka, lakini.”

Abu Muntadhar alimgeukia kutoka kwenye ngazi, na Mizban akakata simu. Nyumba yake ilikuwa hatua sitini kutoka pale. Angeweza kwenda akasimama kwenye meni mwenyewe, au kumwambia mkewe mtu anapanda nguzo sasa hivi. Angeweza kuwaambia wenzake. Lakini angewaambiaje watu aliowahi kuwaapia kwamba mwenye waya wa Fatiha afungwe jela pamoja na jenereta yake? Haya ilimfunga mdomo. Tuseme ukweli, ilikuwa haya tu, wala hakuna jina jingine zuri zaidi.

Alianza kuvaa mkanda wa kupandia, ili angalau aliye juu awe yeye. Ghali akamnyang'anya.

“Umejiangalia usoni? Macho mekundu hivyo utashika waya au utaulalia? Lete hapa.”

“Ghali, napanda mimi.”

“Kaa kivulini, mzee wa Jinan. Ukilala huko juu nani atakubeba?”

“Nimesema napanda mimi!”

“Na mimi nimesema lete.” Alishaupitisha mkanda kiunoni. Glavu alizovaa zilikuwa zimepasuka kwenye kidole gumba cha kulia, kikafungwa kwa plasta ya umeme. Akapanda nguzo ya sita akiimba, akagusa kila waya kwa bisibisi yenye taa. Taa haikuwaka. “Imekufa!” alipiga kelele. “Mrehemuni!”

Kwa muda wa robo saa mambo yalikwenda sawa. Abu Muntadhar alikuwa nguzo ya tano akivuta ncha za waya, Ghali akiunganisha ya sita. Mizban alisimama chini, shingo imekakamaa, akitazama mara mikono ya Ghali, mara ukuta wa uani kwake. Jenereta ilikuwa ikinguruma huko nyuma. Ikiwa meni iko chini, na ingurume mpaka kiama. Alitaka kwenda. Kila alipotaka kwenda, Ghali aliomba kitu: lete klempu, lete brashi, shika kamba.

Watoto wa mtaa ndio walioanza. Walikuwa wamekusanyika kuangalia, na walipoona waya wa mwisho unapanda, mmoja akaruka na kupiga kelele, “Taifa! Taifa linakuja!” Wengine wakadakia. Mwanamke mmoja dirishani akaliambia dirisha la pili. Kelele zikashuka njia nzima kama zinavyoshuka kila siku ya Mungu, “Taifa! Taifa!”

Sikiliza majirani, alikuwa amemwambia mkewe.

Akaanza kukimbia. Alikuwa amepiga hatua kumi aliposikia nyuma yake sauti ambayo haikuwa ya kupiga kelele wala ya kulia, mkoromo mfupi tu, kisha vifaa vikigonga chini. Ghali alikuwa amekakamaa kwenye nguzo, mkono wake wa kulia umeng'ang'ania waya, kichwa kimeanguka nyuma.

“Ibtihal!” Mizban alipiga kelele kwa nguvu zake zote. “Ibtihal! Shusha meni! Shusha meni, Ibtihal!”

Basra mwanamume hatamki jina la mkewe njiani. Atasema Umm Jinan, atasema watu wa nyumbani, atakohoa tu. Siku hiyo mtaa mzima ulilisikia jina lile mara tatu, na Abu Muntadhar, juu ya nguzo ya tano, akageuka kumtazama aliyelitaja, akaelewa yote.

Mkono wa Ghali ukaachia. Akaning'inia kwenye mkanda.

*

Walimshusha kwa kamba, wakamlaza kwenye kivuli cha gari. Kiganja kilikuwa kimeungua mpaka nyama nyeupe ikaonekana, na plasta ya kidole gumba ilikuwa imeyeyukia kwenye ngozi. Alipumua. Baada ya kumwagiwa maji akafumbua macho, akaomba sigara, akasahau, akaomba tena.

“Nani?” aliuliza.

“Mimi,” Mizban alisema.

“Wewe nini?”

“Waya wa Fatiha. Uko kwangu.”

Ghali aliinua kiganja chake kilichoungua, akakitazama.

“Wali wa Fatiha yangu,” alisema polepole, “ungekuja kula?”

Mizban alimsogezea maji.

“Ungekuja. Ungeketi mbele kabisa na kulia kuliko watoto wangu.” Akageuza uso. “Robo saa iliyopita ungeniambia, Mizban. Neno moja. Ningecheka, ningekutukana, halafu ningekwenda mwenyewe kukalia meni yako. Mniondoe hapa.”

Dereva akamwondoa. Gari lilipokata kona, Abu Muntadhar alivua kofia na kujipangusa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba aliyebakiza mitatu astaafu, na wenzake wanne alishawazika.

Ibtihal alikuwa amesimama mlangoni, pindo la abaya limebanwa mdomoni. “Walisema Taifa,” alikuwa akirudia. “Petroli ilikuwa mwisho, nikasikia Taifa, nikasema nichungulie tu. Niinue kidogo nione. Ningejuaje? Abu Jinan, ningejuaje?”

“Usingejua,” alimwambia. “Ni mimi sikukwambia. Ingia ndani, muangalie mama.”

Abu Muntadhar alimsogeza Mizban pembeni. “Sikiliza. Nitaandika bisibisi ya kupimia ilikuwa mbovu. Au nitaandika nyumba iliyorudisha umeme haikupatikana. Ghali nitaongea naye, ni mwanangu yule. Uchomoe huo uchafu, uuchome moto, tumalize.”

“Nipe kitabu.”

“Kitabu gani?”

“Cha kukata watu.”

“Una wazimu.”

Mizban alikichukua mwenyewe kutoka mfuko wa vifaa. Kilikuwa kitabu cha fomu za ukiukaji zenye nakala ya kaboni, walichotembea nacho kila siku. Akakilaza kwenye goti. Jina la mtumiaji: akaandika la mwenye nyumba, na chini yake la kwake. Aina ya kosa: kurudisha umeme kwenye mtandao. Madhara: fundi mmoja ameungua mkono. Halafu palikuwa na mistari mitatu ya maelezo, ambayo kwa kawaida hawakuijaza. Leo aliijaza yote na kuendelea pembeni, kwa herufi za mtu aliyezinduka: kwamba mtumiaji aliomba ruhusa ya kufunga chenjova wiki tatu zilizopita, kwamba anayo chenjova yenyewe, kwamba ruhusa inataka sahihi sita na amepewa nne, kwamba mgonjwa yuko kwenye oksijeni, kwamba mnyororo wa kikosi haupo, kwamba glavu ya fundi ilikuwa na plasta.

“Adhabu,” alisoma kwa sauti. “Kukatiwa huduma papo hapo.” Akatafuta kwa kidole. “Sahihi ya fundi aliyepo kazini. Moja.”

Abu Muntadhar alivaa tena kofia yake.

“Kumfungia mtu chenjova, sahihi sita, mkuu. Kumkata, moja. Na ninayo.” Akaweka sahihi.

“Watakufukuza, wewe.”

“Wanifukuze kutoka wapi? Nipo wapi mimi?”

“Angalau Taifa ulikuwa unalipata, mwanangu. Hizo saa mbili tatu. Mama yako—”

“Mama yangu asipumue kwa mkono wa Ghali,” Mizban alisema.

Alivaa mkanda ulioachwa na mwenzake, bado una jasho lake, akapanda nguzo ya sita. Chuma kiliunguza mapaja. Juu pale aliona uani kwake kote: jenereta nyekundu ndogo, waya mweusi ukiingia dirishani, tanuri la mkate, magauni ya Jinan kwenye kamba. Akamaliza kiungo alichokianza Ghali, akakikaza vizuri, kwa sababu kazi ilikuwa kazi. Kisha akashika nyaya mbili zinazoelekea nyumbani kwake na kuzikata, moja, halafu ya pili. Zikaanguka ukutani na kubaki zinaning'inia.

Ibtihal alikuwa ametoka tena. “Umetukata?”

“Nimetukata.” Alishuka, akaukunja mkanda. “Sasa uache waya ulivyo, hata meni ukitaka ichezee. Haiendi kokote tena. Haiwezi kuua mtu.”

“Na sisi?”

Mizban alichana karatasi kutoka kitabuni. Akampa Abu Muntadhar nakala ya fomu, ile ya ofisi, na mzee akaikunja na kuitia mfuko wa ndani wa shati, si kwenye begi alikoweka fomu nyingine. Akaenda kurudisha fyuzi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Njia nzima ikalipuka kwa furaha. “Taifa! Taifa limekuja!” Viyoyozi vya majirani vikaanza kunguruma kimoja baada ya kingine, pampu za maji zikawashwa, mtu akafungulia redio, na mahali fulani mwanamke akapiga kigelegele. Ilikuwa saa saba na nusu, saa mbaya kuliko zote za siku.

Bi Nashmiya alikuwa ameketi kitandani, mpira puani, bakuli la uji mapajani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

“Taifa limekuja?” aliuliza. “Nawasikia.”

“Limekuja, mama.”

“Mbona hamzimi hilo lijenereta? Mnachoma petroli bure.”

Mizban aliinama kwenye tangi la jenereta uani, akafungua kifuniko, akatikisa. Petroli ilikuwa imebaki ya kama saa moja. Akaokota dumu.

“Limekuja kwa majirani,” alisema, akatoka kwenda kutafuta petroli.